Kwa nini picha ikichapishwa hubadilika rangi, na tunavyofanya hapa Rhonda

Haya wandugu, leo tuongee kuhusu rangi. Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote, kwa simu na hata njiani nikienda kununua maziwa, ni hili: kwa nini picha ikiwa kwenye simu inapendeza, lakini ikitoka kwenye printa inakuwa kitu kingine? Anga ya bluu inageuka zambarau. Nyasi zinaonekana kama zimenyauka. Na nyuso za watu, ambazo ndizo sababu ya kuchapisha picha yenyewe, zinatoka nyeusi kama kivuli, au zimepauka kama za watu wasiojua mafuta ya kujipaka.

Kazi yangu ni kuandika programu, si kupiga picha. Lakini naishi Rhonda, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, na hatua chache kutoka nyumbani kwangu kuna kibanda cha kupiga na kuchapisha picha. Mwenye kibanda, ambaye sote tunamwita Fundi, ana kompyuta moja, skana moja, printa ya wino wa matangi yenye rangi sita, na pazia la bluu la picha za vitambulisho. Kompyuta ikigoma, ananiita. Ndivyo nilivyoingia katika mambo haya, na nimegundua kwamba kuna mengi ya kumfurahisha mtu yeyote anayependa kujua kompyuta inavyofanya kazi. Basi tulia, chukua chai, tuanze.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba picha ya dijitali haina rangi. Ina namba tu. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua 115, 82, 68. Hiyo ni kahawia, lakini kahawia gani? Jibu ni kwamba inategemea. Wale waliowahi kufungua faili ya zamani ya maandishi wakakuta alama za ajabu badala ya herufi wataelewa upesi. Baiti ni zile zile, ila programu imekisia vibaya herufi zilivyoandikwa. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Namba bila lebo ya kusema ni za kipimo gani hazijakamilika.

Vipimo vyenyewe viko vingi. Kinachojulikana zaidi ni sRGB, ambacho HP na Microsoft walikipendekeza mwaka 1996, na mwaka 1999 kikawa kiwango cha kimataifa. Adobe nao walitoa chao, Adobe RGB, mwaka 1998. Apple wakaanza kupiga picha kwa kipimo kipana zaidi, Display P3, kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Namba 115, 82, 68 katika kipimo kimoja si rangi ile ile katika kipimo kingine. Sasa fikiria picha iliyopigwa kwa Display P3, ikapitia programu tatu za simu, moja ikaitupa lebo, kisha ikafika kwa kompyuta ya kibanda inayodhani kila kitu ni sRGB. Rangi zote zinafifia kidogo. Nguo hutaona tofauti kubwa. Lakini ngozi ya kahawia inasogea kuelekea kijivu, na huyo ndiye mtu aliyepauka niliyemtaja hapo juu.

Dawa ya vurugu hii ilianza mwaka 1993, kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Apple na Kodak, zilipounda International Color Consortium. Wao ndio waliotuletea profaili za rangi. Profaili ni kamusi. Inasema, kwa mashine hii, namba fulani ina maana ya rangi fulani kama jicho la binadamu linavyoiona. Lakini ujanja mzuri ni huu: hakuna kamusi ya kutoka skrini yako moja kwa moja hadi printa yangu. Ingekuwa hivyo tungehitaji kamusi moja kwa kila jozi ya mashine duniani. Badala yake kila mashine ina kamusi ya kwenda na kurudi kwa lugha moja ya katikati. Ni kama sokoni hapa Nakuru. Mkikuyu, Mkalenjin na Mluo hawahitaji kila mmoja kujifunza lugha za wenzake wote. Kila mmoja anajua Kiswahili, biashara inaendelea. Katika rangi, Kiswahili hicho ni vipimo vya jicho la binadamu vilivyowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1931.

Mpaka hapo mambo ni safi. Shida inaanza ukishuka hadi kwenye kibanda chenyewe.

Profaili ya printa ni kama ndoa ya watu wanne: printa, wino, karatasi na mipangilio uliyochagua wakati wa kuchapa. Badilisha mmoja, ndoa imevunjika. Watengenezaji wa printa huja na profaili nzuri kabisa za wino wao na karatasi zao. Lakini Rhonda ni nani anayenunua wino na karatasi za mtengenezaji kila mwezi? Fundi hununua wino wa chupa unaopatikana mjini, na karatasi ya kung'aa inayopatikana wiki hiyo. Simlaumu hata kidogo. Mteja anayetaka picha nne za kitambulisho hawezi kulipia wino wa kitajiri. Ila ina maana kwamba kamusi iliyokuja na printa inaelezea mashine ambayo haipo tena. Kisha umeme unapotea, unarudi, vumbi la Nakuru linaingia, tundu moja la wino wa majenta linaziba, na ghafla familia nzima ya harusi ina nyuso za kijani.

Kuna kifaa cha kupima rangi iliyochapishwa na kutengeneza profaili mpya. Ni kizuri, na bei yake hapa kwetu ni ya kuchekesha. Programu zenyewe ni za bure: ArgyllCMS inatengeneza profaili, LittleCMS inazitafsiri, na GIMP imekuwa ikizisoma tangu toleo la 2.4 la mwaka 2007. Kinachokosekana ni kifaa cha kupimia. Kwa hiyo wengi husema: basi, vifaa vyetu ni duni, rangi sahihi si ya watu kama sisi.

Hapa ndipo ninapokataa. Naomba usome sehemu hii polepole.

Ni kweli printa ina mipaka. Kijani kikali cha skrini, bluu ya umeme, zile rangi za kupiga kelele zinazochorwa kwenye matatu zetu, nyingi haziwezekani kwa wino wa kawaida. Skrini inatoa mwanga, karatasi inarudisha tu mwanga ulioipiga. Upeo wa rangi wa karatasi ni mdogo zaidi katika sehemu hizo, na hakuna profaili itakayobadilisha hilo. Lakini ngozi ya binadamu haiko huko pembeni. Ngozi zote, kuanzia ya mtu mweupe kabisa hadi ya mtu mweusi kabisa, ziko katikati ya ramani ya rangi, kwenye kahawia tulivu ambazo hata printa ya bei ya chini kwenye karatasi ya kung'aa inaziweza. Maana yake ni kubwa. Hakuna uso wa mtu wa Rhonda ambao printa ya Fundi haiwezi kuuchapisha sawasawa. Uso ukitoka vibaya, uwezo wa mashine upo, ila mipangilio haikumfikiria huyo mtu.

Na historia inaonyesha kwamba kwa muda mrefu haikumfikiria. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi zilizotumwa na Kodak. Kadi ilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kwa sababu wa mwanzo aliitwa Shirley, kadi zote zikaitwa kadi za Shirley. Fundi wa maabara aligeuza vitufe hadi ngozi ya Shirley ionekane nzuri, kisha akachapisha picha za watu wote kwa mipangilio hiyo. Mtafiti wa Canada Lorna Roth aliandika kuhusu jambo hili mwaka 2009. Moja ya mambo aliyoyaeleza ni kwamba waliosukuma Kodak kuboresha filamu upande wa kahawia walikuwa wauzaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishika kwenye matangazo. Miaka ya 1990 ndipo kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilipotokea. Ile kadi maarufu ya vipande 24 vya rangi, iliyotolewa mwaka 1976 na bado inatumika, ina kipande kinachoitwa ngozi nyeusi. Namba zake katika sRGB ni zile nilizokupa mwanzoni, karibu 115, 82, 68. Simama kituo cha matatu hapa asubuhi uhesabu ni wangapi walio weusi kuliko hapo. Utachoka.

Mambo yamebadilika kidogo. TECNO walijitangaza hapa Afrika kwa kamera zinazojali ngozi nyeusi. Google walileta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka 2022 wakatoa kipimo cha ngozi chenye ngazi kumi kilichotengenezwa na Ellis Monk, profesa wa Harvard. Lakini hayo yote yako upande wa kamera. Upande wa printa, draiva nyingi bado zina kitufe cha kurekebisha picha chenyewe, na mara nyingi kimewashwa tangu kiwandani. Kikiona uso wenye giza, kinadhani picha haikupata mwanga wa kutosha, na kinaung'arisha.

Basi sisi tukafanya nini? Tulitengeneza karatasi yetu ya majaribio. Niliandika programu fupi ya Python inayochora karatasi ya A4. Juu kuna ngazi ya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi, hatua 16. Chini yake kuna vipande vya ngozi. Kwa ngazi za giza nilitumia namba za Monk: ya 7 ni 130, 92, 67, ya 8 ni 96, 65, 52, ya 9 ni 58, 49, 42, ya 10 ni 41, 36, 32. Kisha sehemu ya chini, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, kuna nyuso sita za watu wa hapa hapa waliokubali kupigwa picha: Fundi mwenyewe, mimi, muuza mboga, mwendesha boda, mwanafunzi, na shosho mmoja ambaye alikubali kwa sharti la kupewa nakala kubwa. Sisi sita ndio Shirley wa Rhonda.

Faida ya nyuso hizi ni kwamba wenye nyuso wako karibu. Karatasi ikitoka, hatuihukumu kwa kukisia. Tunamwita muuza mboga asimame mlangoni, tunaweka karatasi karibu na shavu lake. Kama kijivu kina ukijani, majenta ni kidogo au sayani na manjano zimezidi. Kama ngazi ya 9 na ya 10 zimeungana kuwa doa moja, wino ni mwingi kwenye giza, na mtu mweusi atapoteza macho na mashavu. Tunarekebisha, tunachapa tena. Siku ya kwanza ilituchukua karatasi tisa. Sasa Fundi akibadilisha chupa ya wino, karatasi mbili au tatu zinatosha, na mipangilio ya kila aina ya karatasi imeandikwa kwenye daftari lililoning'inizwa kwa kamba kando ya printa.

Usidharau neno mlangoni. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Kila mzazi anajua hili bila kusoma fizikia. Akienda kununua sweta ya shule, hutoka nje ya duka kuiangalia kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya dukani inadanganya. Wachapishaji wa kimataifa nao hukagua rangi chini ya taa maalumu inayofanana na mwanga wa mchana. Sisi tuna mchana wenyewe, bure, kuanzia asubuhi. Jua kali la moja kwa moja halifai, kivuli chenye mwanga wa anga ndicho kizuri.

Sasa nikueleze ni wapi karatasi hii ilithibitisha kazi yake. Kama unavyojua, kwetu mtu akifariki, picha yake huchapishwa kubwa, hutiwa fremu, na hubebwa mbele ya jeneza. Baadaye hukaa sebuleni miaka na miaka. Wajukuu ambao hawakumjua marehemu watamjua kwa hiyo picha. Kwa maoni yangu hakuna picha inayodai rangi sahihi kuliko hiyo.

Siku moja alikuja dada mmoja na wadogo zake. Mama yao alikuwa amefariki, mazishi yalikuwa Jumamosi, na walikuwa na picha moja nzuri aliyopigwa kwa simu akiwa ameketi barazani, amefunga kitambaa kichwani. Walikuwa wameshaichapisha kwa duka moja la mjini, na nakala walikuwa nayo. Ilikuwa safi, haina michirizi, karatasi ya bei. Lakini mama alikuwa amekuwa mweupe, rangi ya chai ya maziwa. Yule dada aliiweka mezani akasema, "Fundi, huyu si mama. Mama alikuwa mweusi, na alijua yeye ni mzuri. Siwezi kumzika akiwa mtu mwingine."

Fundi akamwambia, "Pole sana, dada. Tutamrudisha."

Jambo la kwanza tuliomba faili ya asili, si ile iliyopita kwenye WhatsApp mara nne. Ilikuwa bado kwenye simu ya mdogo wao, wakaituma kama dokumenti. Tulipoifungua kwenye GIMP tukaona kuna jambo la pili. Baraza lile lilikuwa limeezekwa kwa bati la plastiki la kijani, lile la kupitisha mwanga, na kila kitu chini yake kilikuwa na ukijani. Jicho halikuliona kwenye simu kwa sababu jicho huzoea upesi. Namba hazizoei. Kitambaa cha kichwani kilikuwa na mistari myeupe. Nyeupe kwenye kivuli inapaswa kuwa na namba tatu zinazokaribiana. Hii ilikuwa kama 170, 192, 158. Ushahidi ndio huo.

Tulirekebisha hadi mistari ikawa ya kijivu kisafi. Shavu la mama, ambalo lilikuwa karibu 72, 63, 44, likawa karibu 76, 59, 50. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma hivi, lakini ya kwanza ni rangi ya mzeituni uliokauka, ya pili ni ngozi ya mtu aliye hai. Mwangaza hatukuugusa.

Kisha tukafanya mchezo wa zamani wa mafundi wa chumba cha giza. Tulichapa nakala tisa ndogo kwenye karatasi moja: ya katikati jinsi tulivyoirekebisha, nyingine zikiwa na wekundu kidogo zaidi, manjano kidogo zaidi, giza kidogo zaidi, na kadhalika. Kila moja ina namba. Tukasubiri nusu saa wino utulie, tukatoka nje.

Wakabishana. Dada alichagua namba 5. Kaka yake akasema namba 2, mama alikuwa mweusi zaidi. Kitinda mimba akasema namba 6, mama alikuwa na wekundu mashavuni. Sikushangaa. Kumbukumbu ya kila mtu ina rangi zake. Mmoja anamkumbuka mama akitoka shambani, mwingine anamkumbuka jioni kando ya jiko. Hakuna profaili ya kutatua hilo.

Aliyetatua ni Fundi. Aliuliza, "Hicho kitambaa bado kipo?" Kilikuwepo nyumbani. Kijana wa boda akatumwa, akakileta kimekunjwa ndani ya mfuko. Tukakiweka juu ya karatasi, kivulini, tukakilinganisha na kila moja ya picha tisa. Bluu ya kitambaa na ile mistari myeupe ziliungana na namba 5, na kidogo na namba 2. Namba 6 ilikataa kabisa, nyeupe yake ilikuwa ya waridi. Kama kitambaa kimekuwa kweli, basi uso uliopigwa na mwanga ule ule, sekunde ile ile, uko karibu sana na ukweli. Kwa kitambaa kimoja huwezi kusema zaidi ya hapo, lakini inatosha kabisa. Walikaa kimya. Kaka akasema, "Basi ni 5. Ni yeye." Ikachapishwa ya A4, kitufe cha kung'arisha kikiwa kimezimwa, na Fundi akakataa kulipwa zile karatasi za majaribio.

Kwa wale wanaotaka kujaribu wenyewe, nyumbani au kwenye kibanda, huu hapa muhtasari.

1. Anza na faili ya asili. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili isibanwe.

2. Kama huna sababu maalumu, badilisha picha iwe sRGB kabla ya kuipeleka kuchapishwa, na uache lebo ya profaili ndani ya faili. Kubadilisha ni kutafsiri namba. Kubandika lebo mpya bila kubadilisha namba ni jambo jingine, na huharibu.

3. Punguza mwangaza wa skrini. Lalamiko kwamba picha imetoka na giza mara nyingi ni la skrini iliyowaka kama taa ya lori. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini mchana, na ushushe mwangaza hadi nyeupe ya skrini ifanane na ya karatasi.

4. Bwana wa rangi awe mmoja. Ama programu ya picha isimamie rangi, ama draiva ya printa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wote wawili wakitafsiri, rangi inatafsiriwa mara mbili.

5. Zima kila kitufe cha kurekebisha au kung'arisha kwenye draiva. Ukienda studio yenye mashine kubwa, waombe wachapishe bila marekebisho yoyote. Wengi wanaweza, hawafanyi kwa sababu hakuna anayewaomba.

6. Chagua aina ya karatasi iliyo sahihi kwenye draiva. Hiyo ndiyo inayoamua wino kiasi gani umwagwe.

7. Chapa jaribio la matundu ya wino kabla ya kazi kubwa. Mstari mmoja ukikatika, usirekebishe rangi, safisha kichwa kwanza.

8. Tengeneza karatasi yako ya majaribio yenye nyuso za watu unaoweza kuwaita mlangoni. Ichape kila ukibadilisha wino au karatasi, na andika mipangilio kwenye daftari.

9. Tafuta kitu halisi kilicho ndani ya picha: kitambaa, kikombe, sweta. Kilete. Kilinganishe mchana.

Utaona kwamba hakuna hata kimoja kinachohitaji kifaa cha bei ghali. Siku nikipata cha kuazima nitafurahi kutengeneza profaili kamili na kuilinganisha na daftari la Fundi, na nadhani itaboresha giza na rangi kali. Lakini usisubiri hadi siku hiyo. Mtu akikuambia kwamba printa yako haiwezi ngozi nyeusi, mwambie inaweza, na umwonyeshe.

Programu ya kuchora karatasi ya majaribio ni mistari isiyozidi mia moja, na mtu yeyote aliyeanza Python wiki mbili zilizopita anaweza kuandika yake. Nyuso usichukue zetu. Weka za mtaa wako, iwe ni Kaptembwa, Kisumu au Tandika.

Wiki ijayo, umeme ukiruhusu, nitaandika kuhusu wino unaofifia na ni wapi usitundike fremu sebuleni. Kazi kwenu.